Maiti wa Mzee Rudia

Alianza kazi akiwa maiti. Baba yake alimlaza juu ya meza, akamfunika shuka mpaka shingoni, akamwambia, "Ukipumua nitakuona," kisha akaenda kusimama nyuma ya kamera. Mtoto alikuwa na pengo mbele, hajaota meno ya ukubwani. Hakupumua. Picha ilipokwisha midomo yake ilikuwa imebadilika rangi, mama yake akamnyanyua na kumpigapiga mgongoni, na baba yake akasema kama mtu anayesifu kiti, "Huyu hasumbui. Tutamtumia tena."

Akamtumia tena. Karibu kila picha iliyotoka katika nyumba ile ilikuwa na mtoto aliyekufa, na mtoto huyo alikuwa yeye. Alikufa kwa homa, alikufa kwa maji, aliangukiwa na ukuta. Mafundi wa taa wakamwita Maiti na jina likamganda. Hata alipokuja kuwa mwongozaji mwenye picha zake, mwenye gari na kitambi, mafundi walimwita Bwana Maiti, naye aliitika bila kinyongo, maana ndilo jina pekee alilolipata kazini kwa jasho lake.

Baba yake tulimwita Mzee Rudia. Sababu itaeleweka nikieleza alivyofanya kazi, na sina budi kueleza, kwa kuwa waliobaki wanaojua utaratibu ule tunahesabika, na wengine wetu akili zimeshaanza kutukimbia.

Enzi zile filamu haikuwa kitu cha kuchezea. Ilitoka mbali, ndani ya makopo ya bati, na kopo likifunguliwa ovyo mbele ya mwanga limekwisha, hakuna wa kumlilia. Kwa hiyo Mzee aliwasha kamera ikiwa tupu. Iliunguruma mbele ya waigizaji bila filamu ndani, ili wazoee kelele yake mpaka wasahau kwamba ipo. Waliigiza mbele ya kamera tupu tangu asubuhi, naye amekaa kwenye kiti chake cha turubai akisema, "Rudia." Hakupiga kelele. Hakueleza kosa liko wapi. "Rudia." Wanawake wazima walilia. Mwanamume mmoja mwenye misuli, aliyekuwa amezoea kushangiliwa barabarani, alikaa sakafuni akakataa kuinuka. Mzee aliporidhika, ndipo mpiga picha alipotia filamu, na hapo ilikuwa mara moja tu. Liwe liwalo, mara moja.

Ikiisha, tulisubiri neno. Akisema "haya," maana yake picha itatumika kwa sababu hakuna jinsi. Akisema "imekaa," watu wenye mvi walishikana mikono. Neno hilo alilibania kama bahili. Aliwahi kulisema kwa ajili ya paka aliyekatiza mbele ya kamera, akasimama, akageuka nyuma, akaenda zake. Mwanawe mdogo hakuwahi kuambiwa.

Tena picha iliyokaa haikurudiwa. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Siku hizi kijana ana simu mfukoni. Anapiga, anapiga, mpaka simu inachemka, halafu jioni anaingia humo kupekua kama humo ndani kuna kitu. Anaita hiyo kazi.

Mimi nilikuwa mkata filamu wa nyumba ile. Nilikata kwa mkasi na kuunga kwa gundi, na kusoma nilijifunzia hapohapo, kwenye maandishi ya mwanzo wa picha, nikiyapeleka mbele na kuyarudisha nyuma mpaka herufi zikanikubali. Nasema hivyo ili ijulikane nilikuwa nimekaa wapi wakati haya yanatokea.

Walikuwa wawili, watoto wa Mzee. Mkubwa alikuwa na uso ambao kamera iliupenda bila kuombwa. Angeweza kusimama dirishani akikuna sikio na ukumbi mzima ukanyamaza. Mzee alimjengea picha baada ya picha, akamkalia kooni, akamrudisha mara zisizo na idadi, na mara mbili tatu akamwambia imekaa. Mkubwa aliinua mabega tu. Hakujua kwamba mdogo wake, aliyekuwa amelala sakafuni karibu yake akiwa amekufa, angetoa jino lake lolote ili aambiwe hivyo hata kwa makosa.

Asubuhi moja, katikati ya picha, mkubwa alivua koti la mchezo, akalitundika vizuri kwenye msumari, akamwambia baba yake mbele ya watu, "Mimi nimechoka kurudia." Akaondoka. Tulisikia baadaye amefungua duka la matairi, na alikuwa na furaha, jambo ambalo Mzee hakumsamehe kamwe.

Mzee alilichukua koti, akamrushia Maiti.

"Vaa. Geuka."

Maiti akavaa, akageuka.

"Mgongo wako unatosha," Mzee akasema.

Nusu ya pili ya picha ile ilipigwa kwa mgongo. Mtu anatembea, mgongo. Mtu anapokea habari mbaya, mgongo. Mtu anamkumbatia mama yake, na tunaona uso wa mama tu. Nilikaa nikiunga uso wa mkubwa na mgongo wa mdogo, na niliwaunga vizuri, maana watazamaji hawakushtuka. Mama yao, ambaye alikuwa mwigizaji kabla magoti hayajamtoa kazini, alimuuliza mumewe wakati wa chakula, sisi tukiwepo:

"Baba watoto, kwa nini hukumgeuza mwanangu hata mara moja? Ana ukurutu usoni?"

"Uso wake unaomba," Mzee akasema huku akitafuna. "Watu hawaji sinema kuombwa."

Maiti alikuwa amekaa palepale, kijiko kiko njiani. Akakipeleka mdomoni.

Aliondoka nyumbani akaenda kuigiza kwa waongozaji wengine. Wao walimpa majambazi wajinga, waume wanaodanganywa, karani anayejikwaa kwenye kamba ya kiatu chake. Ukumbini watu walivunjika mbavu. Kisha akaanza kuongoza picha zake mwenyewe, na kumbi zilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Ninyi hamkuziona kumbi zile. Viti vya mbao vilivyong'arishwa na makalio ya watu, mwale wa mwanga juu ya vichwa ukiwa na moshi ndani yake, na watu wasiojuana wakicheka kwa pamoja kama mwili mmoja. Sasa kila mtu anacheka peke yake kitandani, simu iko juu ya tumbo.

Kazini kwake Maiti alikuwa mtu mpole. Kila aliyemaliza kuigiza aliambiwa "imekaa." Aliyesahau maneno aliambiwa imekaa, aliyegonga taa aliambiwa imekaa. Alilitoa neno hilo kama mtu anayegawa peremende, na waigizaji walilipokea kama peremende, wakasahau kabla hawajafika mlangoni.

Mzee Rudia alikwenda kuangalia picha moja tu ya mwanawe, ile iliyojaza ukumbi msimu mzima. Alikaa kiti cha pembeni, akatoka kabla haijaisha. Maiti alikuwa anamsubiri kwenye baraza la ukumbi, amevaa suti mpya, anafuta viganja kwa leso.

"Umeionaje, baba?"

"Viti vimepangwa vizuri."

"Watu wamecheka sana."

"Mtu akianguka mtaroni pia wanacheka," Mzee akasema, akavaa kofia yake.

Mkewe Maiti alikuwa mpambaji wetu wa nyuso, mwanamke wa mikono myepesi na ulimi mzito. Aliniambia siku moja, akiwa anasuuza brashi zake, "Shemeji, mimi nimeolewa na mtu anayesubiri. Nikimwambia chakula kimeiva, anasikiliza kama hiyo ndiyo sauti aliyokuwa anaingoja. Si hiyo. Anakula."

Kisha macho ya Mzee yakafa. Yalianza kwa ukungu, akawa anawagombeza mafundi kwamba taa hazijawashwa, na zilikuwa zinatuchoma mashavu. Baada ya miezi hakuona chochote. Watu waliokuwa wakimletea filamu waliacha kumletea, na hakuna aliyewalaumu. Alibaki nyumbani na fimbo yake. Alivunja sahani. Aliwafukuza wauguzi. Alimwita mkewe kutoka chumba cha pili, akamwambia atembee kutoka mlangoni hadi dirishani, halafu akamwambia arudie, na yule mama mwenye magoti mabovu alirudia, mara nyingine mchana kutwa.

Yeye ndiye aliyekuja studio kumtafuta mwanawe. Nilikuwepo, kwa kuwa sasa nilimkatia Maiti filamu, nimeinamia meza yangu.

"Mwanangu, mpe baba yako kazi."

"Mama, haoni."

"Najua haoni. Anayeokota vipande vya sahani ni mimi."

"Nani atatoa filamu kwa kipofu?"

"Nimesema filamu? Nimesema kazi."

Mama akamshika mkono wa shati. "Kuna ile picha yake ya mtu aliyetoka jela, ile aliyomwekea kaka yako. Mpe aongoze. Wewe cheza. Washa mashine yenu iungurume. Utapungukiwa nini?"

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Picha yenyewe Mzee alikuwa nayo kichwani tangu ujana wake. Mtu anatoka jela baada ya miaka mingi, anarudi kwake, anakuta nyumba ina watu wengine wasiomjua. Hajitambulishi. Anasimama mlangoni mwa nyumba yake mwenyewe, anaomba maji. Mwanamke wa humo anampa kikombe. Anakunywa, anarudisha kikombe, anasema asante, anaondoka. Hayo tu. Mzee aliwahi kutuambia kwamba mtu akiweza kunywa yale maji sawasawa, hakuna haja ya picha iliyobaki.

Mpiga picha alikuwa na wasiwasi. Alifanya kazi na Mzee tangu wote wawili wakiwa na nywele. "Atasikia," akasema. "Amesikiliza kamera tupu maisha yake yote. Ikiwa na filamu inasema kitu kingine."

"Tia mabaki, basi," Maiti akasema.

Mabaki yalitoka kwenye kapu langu, vipande nilivyokata nikatupa. Tuliviunga, akavitia. Vilikuwa vikavu, vikakatika, vikakwama, mpiga picha akatumia siku kuvichomoa kwa kibano huku akitukana ukoo wa kila mmoja wetu. Baada ya siku chache akaacha. Kamera ikaunguruma tupu, Mzee hakusema lolote, nasi tukajiona wajanja.

Mzee alikuja kila asubuhi akiwa amenyolewa, amevaa shati la kola. Mama alimshika mkono mpaka kwenye kiti cha turubai. Mlango ulijengwa kwa mbao, na nyuma yake ukumbi mdogo wenye pazia na meza. Mke wa Maiti akapewa nafasi ya mwanamke wa nyumba, kwa kuwa mwigizaji wa kulipwa angedai kujua filamu iko wapi.

Nilidhani itakuwa vichekesho. Tulikuwa tumejiandaa kubana vicheko. Lakini yule mzee aliongoza kwa masikio, na sijawahi kuona kazi kama ile, wala sitaiona.

"Rudia. Umefika mlangoni haraka. Mtu huyu miguu yake imesahau umbali."

"Rudia. Nimesikia unameza. Unameza kama mtu mwenye kiu. Nani kakwambia ana kiu?"

"Script inasema anaomba maji, baba."

"Anaomba maji ili mlango ubaki wazi! Anataka kuona ndani! Kichwa cha boga wewe. Rudia."

"Rudia. Umerudisha kikombe ukakiweka. Usikiweke, mpe mkononi. Kaka yako angekuwa ameshajua."

Maiti alirudia. Mwanamume mwenye kitambi, mwenye jina mjini, ambaye waigizaji wake walikuwa wakimngojea jengo la pili ili awaambie imekaa, alisimama mbele ya mlango wa mbao na kuomba maji mpaka tumbo likajaa, akaenda nyuma ya pazia kutapika, akarudi kuomba tena. Wiki zikapita. Mafundi wakaacha kucheka. Fundi wa taa akaniambia, "Huyu mzee akiona, si angetuua?"

Siku yenyewe haikuwa na dalili. Mvua ilikuwa imenyesha, bati la studio linadondosha. Maiti alikuja akiwa amechoka, hakusalimia mtu, akavaa kanzu chakavu ya mchezo bila kufunga vifungo. Kamera ikaunguruma. Alitembea mpaka mlangoni, akasimama. Hakubisha. Alisimama muda ambao, kama ingekuwa filamu ya kweli, mpiga picha angekuwa anatokwa jasho kwa uchungu wa kuona inavyoliwa bure. Ndipo akabisha, kwa vidole viwili, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Naomba maji," akasema.

Mkewe akampa kikombe. Akakishika, akakipeleka mdomoni, na hakunywa. Midomo ilikuwa imegusa ukingo, macho yalikuwa yamepita begani kwa yule mwanamke yakiangalia meza, pazia, kona ya ukuta, kila kitu kwa zamu, kama mtu anayehakikisha hakuna kilichosahauliwa. Kisha akanywa funda moja dogo, la adabu. Akamrudishia kikombe mkononi.

"Asante, mama."

Akageuka, akaondoka, na kamera ikaendelea kuunguruma maana hakuna aliyeikumbuka. Mpambaji alibaki amesimama na kikombe, machozi yanamtoka, rangi inamchuruzika hadi kidevuni. Mpiga picha alikuwa ameondoa jicho kwenye kamera, anaangalia kwa macho yake yote mawili. Mimi nilikuwa nimeegemea nguzo. Nilikuwa na zaidi ya nusu ya maisha yangu katika kazi ile, na mkono wangu ulikuwa umeshika mkasi ambao haukuwa na cha kukata.

Mzee Rudia aliinamisha kichwa. Akakiinua.

"Imekaa," akasema.

Maiti alitoka nyuma ya mbao. Sitaeleza uso wake. Alikwenda akasimama mbele ya kiti cha baba yake. Mzee akanyoosha mkono kutafuta fimbo yake, Maiti akampa.

Hapo ndipo alipopaswa kuiacha. Mama yake alimwambia hivyo nje, chini ya bati linalodondosha: "Umelipata. Nenda nalo nyumbani, kaa nalo." Mkewe naye alisema siku ile alilala kama mtoto, mikono wazi. Lakini asubuhi iliyofuata alikuja na makopo yake mwenyewe ya filamu, mapya, hayajafunguliwa, akamwambia mpiga picha ayatie. Akamwendea baba yake.

"Baba, tupige tena ile ya maji."

"Ile imekwisha. Sirudii iliyokaa."

"Mara moja tu."

"Unaijua sheria ya nyumba hii. Leteni ile ya barabarani, anapoondoka."

Akazunguka studio nzima kama kuku. Ninajua alichokuwa anataka. Alitaka ionekane. Neno lilikuwa limesemwa mbele ya mafundi wachache, na mafundi ni watu wa kuajiriwa, watasema chochote, watasahau chochote. Kaka yake hakulisikia. Ukumbi haukuona. Bila mkanda angekuwa na nini? Na ili apate mkanda ilibidi Mzee akubali kurudia, na Mzee asingekubali mpaka aambiwe kwamba hakuna kitu kilichopigwa. Nilimwona akipiga moyo konde. Akachuchumaa kando ya kiti.

"Baba. Kamera ilikuwa tupu."

Mzee hakutikisika.

"Tangu mwanzo," Maiti akasema. "Hakuna filamu. Tulitaka tu upate… Lakini sasa ninayo, iko hapa, imeshatiwa. Ukikubali tupige sasa hivi, kama jana, itakuwa—"

"Unadhani na masikio yangu nayo yamekufa?"

Mpiga picha akatazama viatu vyake.

"Siku za mwanzo mlitia mabaki," Mzee akasema, kwa sauti ileile ya kawaida. "Yalikuwa yanakatika. Nikasema, angalau wananiheshimu. Halafu mkachoka. Mkachoka hata kunidanganya vizuri."

"Ulijua?"

"Mama yako akinishika mkono anatetemeka. Mpiga picha anakohoa kila akiiwasha. Nilijua."

"Basi kwa nini ulisema imekaa?"

"Kwa sababu haipo." Mzee akageuza uso kumwelekea, yale macho meupe yakapita juu ya kichwa chake. "Mbele ya kamera tupu kila mtu hodari. Ingekuwa na filamu ningekwambia urudie. Nina jina la kulinda, mimi."

Akacheka. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumsikia akicheka. Mama alisema, "Baba watoto, acha," akaambiwa anyamaze. Kisha Mzee akasimama, akasema anataka kwenda nyumbani, na hakurudi tena studio.

Nimelifikiria jambo lile miaka mingi, na sijapata jibu. Labda alisema kweli, kwamba lile neno lilikuwa mzaha wa kipofu kwa watu waliomfanya mjinga. Au neno lilikuwa la kweli, na alichosema kesho yake ndicho kisasi. Wote tuliokuwepo tulimwambia Maiti ni la pili. Alituangalia mmoja mmoja na kutuuliza, "Na nyinyi mnalipwa na nani?"

Mzee alilala kitandani baada ya hapo na hakuinuka. Maiti alikwenda kila siku, akakaa ukingoni mwa kitanda, akauliza swali lilelile. Mama alinisimulia siku ya mwisho ilivyokuwa.

"Baba, niambie tu. Ile ya maji. Ilikaa au haikukaa?"

"Nani anauliza?"

"Mwanao."

"Mkubwa?"

"Mdogo."

"Aa," Mzee akasema, akageukia ukutani. Kesho yake akafa. Mkubwa alikuja na gari la duka kubeba jeneza, akalia sana. Mdogo hakulia, watu wakasema ana roho ngumu.

Alichofanya baadaye ni kutafuta ushahidi. Alitusimamisha tena palepale: mlango uleule wa mbao, kikombe kilekile, mpiga picha yuleyule, na sasa kamera ilikuwa na filamu, kopo baada ya kopo. Aliacha picha zake za kuchekesha. Aliigiza, akakimbia nyuma ya kamera, akanililia nimsafishie mkanda na kumwonyesha, akarudi mlangoni. Mikanda ya mtu anayekunywa maji ilijaa chumbani kwangu mpaka ikabidi niingie upande upande. Niliiangalia yote. Hiyo ndiyo kazi niliyofundishwa.

"Niambie," akasema.

"Unakunywa vizuri."

"Lakini?"

"Lakini unatusikiliza. Mtu wa picha haangalii kama tumependa. Wewe unakunywa na huku umetega sikio."

"Na siku ile?"

"Siku ile ulijua hakuna kitakachobaki."

Alinitazama kana kwamba nimemtemea mate. Akarudi mlangoni. Mkewe ndiye aliyemaliza mambo. Asubuhi moja alikiweka kikombe sakafuni, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Maji yangu yamekwisha," akaenda kwa dada yake, na hakumrudia. Maiti akamtafuta mwanamke mwingine wa kutoa kikombe. Kisha filamu zikaisha, kisha zikaacha kutengenezwa, kisha ukumbi mkubwa ukageuzwa ghala la magodoro. Kamera ya Mzee iko kwenye ofisi ya mtu fulani, imewekewa ua la plastiki juu yake.

Maiti sasa anacheza babu katika tamthilia za televisheni. Wanapiga matukio mengi kwa siku, kijana mwongozaji hasemi imekaa wala haijakaa. Anasema, "Inayofuata."

Juzi alinipigia simu nikamwone kazini. Nilikwenda kwa fimbo yangu. Walikuwa katika nyumba ya kupanga, waya zimetapakaa, vijana wanatafuna kitu na kuongea wakati mtu anaigiza. Babu alitakiwa asimame mlangoni, akatazwe kuingia chumba cha wagonjwa, aondoke. Hakuwa na neno la kusema. Kamera ndogo kama kopo la maziwa, haina hata sauti. Alisimama, akaweka kiganja kwenye mlango, akakiondoa, akaenda.

"Safi, mzee," kijana akasema, akiandika kitu kwenye simu yake. "Inayofuata!"

Maiti hakumtazama. Alinitafuta mimi kati ya waya na masanduku, akaniona, akasubiri. Kichwa chake ni cheupe chote sasa, na uso ni uleule unaoomba.

Nikatikisa kichwa kukataa.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akamgeukia kijana. "Tunarudia."

"Mzee, tumeshahamisha taa."

"Hamisha tena."

"Mzee wangu, imetoka poa, nani ataona? Tuna matukio mengi bado." Wenzake wakacheka. Mmoja akaanza kukunja waya. Taa ya mwisho ikabebwa kupelekwa jikoni, na ule upande wa nyumba ukabaki na mwanga mdogo wa dirishani.

Maiti alikuwa ameshasimama mlangoni. Akashusha mabega, akavuta pumzi, akanyanyua kiganja. Nilisogeza kiti changu mahali ambapo ningemwona vizuri.

"Anza," nikamwambia.

Akaanza. Kiganja kilifika mlangoni mapema mno.

"Rudia," nikasema.